St. Barbe Baker: Mzungu wa Watu wa Miti na somo lake kwa wakulima wa Kisii na Nyamira

ANAYESAFIRI kutoka Keroka kuelekea Nyamira, au kutoka mjini Kisii kuteremka hadi Ogembo, huona miti pande zote za barabara. Imepandwa kwenye mipaka ya mashamba, kando ya majani chai, nyuma ya nyumba na mabondeni kunakopita mito. Mgeni anaweza kudhani amepita katikati ya msitu. Lakini karibu miti yote hiyo ina mwenyewe. Kila mmoja umesimama katika shamba la mtu, na kudumu kwake kunategemea uamuzi wa mwenye shamba hilo.

Hali hii ndiyo inayoyapa maisha ya Richard St. Barbe Baker umuhimu kwa wakazi wa Kisii na Nyamira, ingawa jina lake limefungamana zaidi na Muguga katika Kaunti ya Kiambu. Mwingereza huyo, aliyeaga dunia mnamo 1982, alikuwa miongoni mwa maafisa wa kwanza wa serikali ya kikoloni nchini Kenya kutambua kwamba mti ulio nje ya msitu wa serikali hauwezi kulindwa kwa askari. Unalindwa na mwenye ardhi, na mwenye ardhi huulinda pale tu anapoona sababu ya kufanya hivyo.

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889, katika kijiji cha West End, Hampshire, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa mtu wa dini aliyependa kuhubiri, na pia alikuwa na kitalu cha miche. Mtoto huyo alijifunza kuatika mbegu, kuhamisha miche na kufuga nyuki kabla ya kujua vyema kusoma. Akiwa bado mdogo sana alipotea msituni karibu na nyumbani kwao, na baadaye maishani alikitaja kisa hicho kuwa chanzo cha mapenzi yake kwa miti. Hakuogopa, alijihisi amefika mahali pake.

Alipokaribia umri wa miaka 20 alivuka bahari hadi Canada. Huko alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan mjini Saskatoon. Alijionea mambo mawili yaliyomkaa moyoni. La kwanza ni mbuga pana ambazo walowezi walikuwa wamezilima bila kuacha miti ya kukinga upepo, udongo wa juu ukipeperushwa kama vumbi. La pili ni kambi za wapasuaji mbao alikofanya kazi, ambako miti mingi iliangushwa na sehemu kubwa kuachwa ioze. Hapo ndipo alipoamua kusomea misitu.

Hata hivyo, njia yake haikunyooka. Alirudi Uingereza na kuanza masomo ya dini huko Cambridge, kisha Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Alipigana nchini Ufaransa, akajeruhiwa zaidi ya mara moja na kuondolewa jeshini mnamo 1918. Alipopata nafuu alirejea Cambridge, safari hii kusomea misitu, na mwaka wa 1920 alitumwa Kenya akiwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Nchi aliyoikuta ilikuwa na majeraha yake. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya mwaka wa 1915 ilikuwa imeiweka ardhi yote chini ya himaya ya mfalme wa Uingereza, na Mwafrika alihesabiwa kama mpangaji katika udongo wa mababu zake. Mashamba makubwa yalikuwa yametengewa walowezi. Misitu mikubwa ilikuwa imetangazwa kuwa mali ya serikali, na aliyeingia humo kutafuta kuni au malisho bila kibali alihesabiwa mhalifu.

Kazi ya afisa wa misitu wakati huo ilieleweka kirahisi: kuilinda misitu ya serikali na kuhakikisha kuwa reli, viwanda na walowezi hawakosi mbao na kuni. Kilichotokea katika maeneo waliyotengewa Waafrika hakikuhesabiwa kuwa shughuli yake. Baker aliona kasoro katika mpango huo. Nje ya mipaka ya misitu ya serikali vilima vilikuwa vikibaki vitupu, chemchemi zikififia na udongo ukiteremka mitoni kila msimu wa mvua. Watu walikuwa wamebanwa katika ardhi ndogo, na waliendelea kukata na kuchoma ili wapate mahali pa kulima kama walivyofanya zamani, wakati ardhi ilipokuwa tele na shamba lililochoka lingeweza kuachwa kwa miaka mingi likarudi kuwa kichaka.

Serikali haikuwa na fedha za kupanda miti katika maeneo hayo, wala haikuwa na nia. Baker aliamua kuwaendea wenye ardhi wenyewe.

KIAPO CHA MUGUGA

Simulizi aliyoiacha katika vitabu vyake inaeleza kwamba alipowashauri wazee wa Agikuyu kupanda miti, walimjibu kuwa kazi hiyo ni ya Mungu. Mti mkubwa ulidondosha mbegu, mbegu ikaota, na mwanadamu hakuhitajika. Jibu hilo lilikuwa na busara yake katika nchi iliyojaa misitu. Baker hakuwabishia. Aliwaeleza tu kwamba miti mikubwa ikikatwa yote, hakuna kitakachodondosha mbegu.

Kisha akatafuta mlango wa kuingilia. Alikuwa amegundua kuwa Agikuyu walikuwa na ngoma za wakati wa kupanda maharagwe na za wakati wa kuvuna mahindi. Kila kazi yenye maana ilikuwa na sherehe yake. Aliwauliza wazee na vijana mbona miti nayo isiwe na ngoma yake, na wazo hilo likapokewa vizuri.

Mnamo Julai 22, 1922, ngoma ya miti ilichezwa karibu na kambi yake huko Muguga. Kwa hesabu yake mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walihudhuria wakiwa wamejipamba. Ng'ombe aliahidiwa kijana ambaye angekuwa nadhifu kupita wenzake. Mwishoni mwa siku walichaguliwa 50 waliojitolea, wakaapa mbele ya wazee na kwa jina la Ngai kwamba kila mmoja atapanda miti 10 kwa mwaka, na ataitunza miti popote itakapokuwa. Wakavishwa alama mkononi na kupewa neno la kutambuana: Twahamwe, lenye maana ya kushikamana na kuwa kitu kimoja. Wakaitwa Watu wa Miti.

Aliyesimama bega kwa bega na Baker katika kazi hiyo alikuwa Chifu Josiah Njonjo, babake Charles Njonjo aliyekuja kuwa Mkuu wa Sheria wa kwanza wa Kenya huru. Bila Chifu Njonjo na wazee wa eneo lake, ngoma ile ingebaki kuwa kiroja cha Mzungu mmoja. Wao ndio walioipa uzito wa mila, na wao ndio waliobaki na kazi hiyo Baker alipoondoka.

Ili kuelewa ugumu wa alichokifanya, ni lazima tarehe zitazamwe kwa makini. Miezi minne tu kabla ya ngoma ya Muguga, Machi 1922, Harry Thuku alikuwa amekamatwa jijini Nairobi, na umati uliokusanyika kudai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Hesabu rasmi ilitaja watu 21 waliouawa. Wengine walisema ni zaidi. Miongoni mwa malalamishi ya wakati ule yalikuwa kodi, kipande na ardhi. Katika hewa hiyo, afisa wa serikali ile ile aliwaomba vijana wa jamii ile ile waape kupanda miti.

Swali lililopaswa kuulizwa ni jepesi. Kwa nini mtu apande mti utakaochukua miaka 30 kukomaa, katika ardhi ambayo sheria inasema si yake? Baker hakuwa na uwezo wa kulijibu swali hilo, kwa kuwa hakuwa na ardhi ya kurudisha. Hii ndiyo kasoro kubwa ya mradi wake wa mwanzo, na anayemsifu bila kuitaja anasimulia nusu ya habari. Hata hivyo, alichokitoa kilikuwa adimu kwa wakati wake: aliwaomba watu badala ya kuwaamuru, akawapa miche na mafunzo ya kitalu, akawahimiza wapande miti ya kiasili, na akauacha mradi mikononi mwao.

Katika vitalu hivyo, miche ya miti ya asili kama vile mierezi na mizeituni ya porini ilikuzwa, kisha kupandwa pamoja na mahindi na viazi hadi itakapotoa kivuli kikubwa. Mpango wa kulima katikati ya miche ulikuwa umeanza kutumiwa katika misitu ya serikali nchini tangu mwaka wa 1910 hivi, na Wakenya wanaujua kwa jina la mfumo wa shamba. Mkulima alivuna chakula huku akiipalilia miti kwa jembe lile lile.

KUTOKA KENYA HADI PEMBE NNE ZA DUNIA

Wakubwa wake hawakufurahia mtumishi wa serikali aliyekula na kukaa na wazee wa Kiafrika kana kwamba ni jamaa zake. Alisimulia kwamba alikubaliwa katika baraza la wazee wa Agikuyu, heshima ambayo kwa maneno yake hakuna Mzungu mwingine aliyekuwa ameipata kabla yake. Wanaoyasimulia maisha yake hutaja pia kisa cha afisa aliyetaka kumpiga Mwafrika, Baker akajitia katikati na kulipokea pigo hilo begani. Alihamishiwa Nigeria, alikofanya kazi katika misitu ya mikangazi ya kusini, na kabla ya miaka ya 1920 kwisha alikuwa ameachana na utumishi wa ukoloni.

Kupoteza kazi kulimwacha huru. Mwaka wa 1924 tawi la Watu wa Miti lilikuwa limeanzishwa Uingereza, na kutoka hapo chama kilienea katika nchi nyingi. Mwaka huo huo alihutubia kongamano la dini jijini London kuhusu imani za Waafrika, na kupitia mkutano huo akaifahamu imani ya Kibahai, aliyoishika hadi mwisho wa uhai wake. Mnamo 1929 alikuwa Palestina, akiwashawishi viongozi wa Waislamu, Wayahudi na Wakristo kuketi pamoja kwa ajili ya kupanda miti katika vilima vilivyokuwa vimechakaa.

Katika miaka ya 1930 alijiunga na juhudi za kuokoa miti mikubwa ya California nchini Marekani, ambayo mingine ilikuwa imeishi zaidi ya miaka 1,000. Aliandika vitabu vingi, kikiwemo kile cha mwaka wa 1931 kilichobeba jina la chama chake, na kingine cha 1955 kuhusu maisha ya chifu wa Agikuyu aliyemwita Kabongo. Kati ya 1952 na 1953 aliongoza msafara wa kuvuka jangwa la Sahara kuchunguza namna linavyosonga kusini, safari iliyomfikisha tena Afrika Mashariki. Kuanzia hapo hadi uzeeni alihubiri kwamba jangwa linaweza kuzuiwa kwa ukuta wa miti, wazo lililochekwa wakati huo. Mwaka wa 2007 Umoja wa Afrika uliidhinisha mpango wa Ukuta Mkubwa wa Kijani kusini mwa jangwa hilo hilo.

Maisha yake ya nyumbani hayakuwa rahisi. Mtu anayeishi safarini huwaacha wengine wakisubiri. Alioa mwaka wa 1946, akapata watoto wawili, na ndoa hiyo ikavunjika baada ya miaka michache. Alioa tena 1959 na kuhamia New Zealand, ambako katika miaka ya 1960, akiwa amepita umri wa miaka 70, aliizunguka nchi hiyo akiwa juu ya farasi, akisimama shuleni kuwaeleza watoto habari za miti.

Alikuwa hali nyama, na wengi waliomfahamu walihusisha siha yake na hilo. Alikuwa pia mtu wa kupenda kusimulia, na katika vitabu vyake Baker mwenyewe huwa mhusika mkuu. Msomaji makini humsoma kwa tahadhari pale anapoeleza aliyowaambia marais na wafalme. Lakini hakuna anayeweza kumtoa katika habari ya Muguga, kwani mahali hapo pameendelea kubeba kazi hiyo. Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, iliyoanzishwa 1986, ina makao yake makuu Muguga, na mbegu na ujuzi vinavyotoka hapo huwafikia wakulima kote nchini.

Juni 5, 1982, Siku ya Mazingira Duniani, mzee huyo wa miaka 92 alipanda mti wake wa mwisho mjini Saskatoon, mji ule ule alikosomea akiwa kijana. Alifariki siku nne baadaye, Juni 9, na kuzikwa huko. Msitu uliopandwa na watu nje kidogo ya mji huo umepewa jina lake.

ALICHOKISAHAU, NA ALIYEKIKUMBUKA

Jina la Watu wa Miti lina funzo ambalo lugha ya Kiswahili inalibeba vyema kuliko Kiingereza. Kwa Kiswahili, watu ni wote: wake kwa waume. Lilipofasiriwa kwa Kiingereza likageuka kuwa wanaume wa miti, na kwa kweli waliokula kiapo Muguga walikuwa vijana wa kiume. Chama kilibadilisha jina lake la Kiingereza baada ya Baker kufariki. Lakini tatizo halikuwa la jina pekee. Aliyetembea mbali kutafuta kuni na maji alikuwa mwanamke, na yeye ndiye aliyelipia kila mti uliotoweka.

Ilibidi kusubiri hadi Juni 5, 1977, pale Profesa Wangari Maathai alipopanda miche saba katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi na kuanzisha kile kilichokuja kuwa Vuguvugu la Green Belt. Yeye aliwaendea wanawake mashambani, akawafundisha kuandaa vitalu, na kikundi kikalipwa ujira mdogo kwa kila mche ulioishi, si kwa kila mche uliopandwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Sherehe hupima mashimo yaliyochimbwa. Mkulima hupima miti iliyokua. Maathai alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004 na kufariki Septemba 2011.

Ukiiweka kazi ya Baker kando ya ile ya Maathai, unapata mambo manne ambayo bila hayo mwenye shamba hapandi wala hatunzi: ardhi iwe yake kwa uhakika, miche iwe karibu, manufaa yaonekane kabla hajazeeka, na jamii imheshimu kwa kufanya hivyo. Baker alikuwa na la pili na la nne. Maathai aliongeza la tatu. La kwanza lilikuja na uhuru na hati miliki.

MASHAMBA MADOGO, MITI YA HARAKA

Katika nyanda za juu za Gusii, masharti hayo yanapimwa kuliko karibu kila mahali nchini. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Hiyo ni wastani wa watu 957 kwa kila kilomita mraba upande wa Kisii na 675 upande wa Nyamira. Baba mwenye ekari tatu akiwagawia wana wanne, kila mmoja hubaki na kipande kisichofika ekari moja, na humo humo panatakiwa nyumba, mahindi, ndizi, majani chai, ng'ombe na kaburi. Ni Borabu pekee, kwenye mashamba ya walowezi yaliyogawiwa wananchi baada ya uhuru, ambako familia nyingi zilianza na ardhi pana zaidi, na huko nako ugawaji unaendelea.

Hati miliki zipo. Sharti la kwanza la Baker limetimia. Mvua pia ipo, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na udongo ni wenye rutuba. Kwa hiyo Abagusii hawakukataa kupanda miti. Wamepanda, na kwa wingi. Swali ni mti gani, na wapi.

Jibu la wengi limekuwa mkaratusi. Sababu zake hazina siri. Mti huo hukua haraka, ukikatwa huchipuka tena bila kupandwa upya, ng'ombe hawaupendi, na soko lake liko karibu. Viwanda vya majani chai vinahitaji kuni za kukaushia majani. Wajenzi wanahitaji fito na mbao. Milingoti ya stima nayo hutokana na mti huo. Mkulima ambaye mtoto wake ameitwa shule ya upili huweza kuuza kishoroba cha mikaratusi na kulipa karo. Kumkemea mtu huyo bila kumpa njia nyingine ni kupoteza muda.

Ubaya unaanza mti huo unaposhushwa hadi bondeni. Mkaratusi hunywa maji mengi, na ukipandwa katika ardhi chepechepe hufanya kazi ya kuikausha. Mito inayoungana kuwa Gucha na ile inayomiminika Sondu huanzia katika mabonde madogo kama hayo, yaliyo ndani ya mashamba ya watu binafsi. Chemchemi iliyowanywesha mababu huweza kubaki tope wakati wa kiangazi. Aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mnamo 2009 mikaratusi iliyo kando ya vyanzo vya maji ing'olewe. Baadhi iling'olewa, mingi ikabaki. Amri ilikuwa sahihi kwa nia, lakini ilikosa kile ambacho Baker alikijua: haikumwachia mwenye shamba kitu cha kushika mkononi.

Viumbe wengine nao wanategemea uamuzi huo wa mwenye shamba. Korongo taji, ndege mwenye ushungi wa dhahabu kichwani, hujenga kiota katika majani marefu ya ardhi chepechepe na hulala usiku juu ya miti, tabia isiyo ya kawaida kwa makorongo. Maeneo oevu ya magharibi mwa Kenya ni miongoni mwa makao yake. Tangu 2012 ndege huyo amewekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hakuna mbuga ya wanyama itakayomhifadhi Kisii wala Nyamira. Bonde la mkulima likikauka, naye ameondoka.

SHERIA IPO, KINACHOPUNGUA NI KIAPO

Kenya haina upungufu wa sheria. Kanuni za Kilimo kuhusu misitu ya mashambani za mwaka wa 2009 zinamtaka kila mwenye shamba atenge angalau asilimia 10 kwa ajili ya miti. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inautambua msitu wa mtu binafsi: mwenyewe anaweza kuomba usajiliwe na Huduma ya Misitu nchini, KFS, na kwa usajili huo akapata ushauri wa kitaalamu na kuomba nafuu ya ada za ardhi. Huduma za ugani wa misitu mashambani ziko chini ya serikali za kaunti. Mnamo Desemba 2022 serikali kuu ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 ilitengwa kuwa sikukuu ya kupanda miti.

Lakini mwenye robo ekari haoni mantiki ya kusajili msitu. Asilimia 10 ya robo ekari ni eneo dogo kuliko zizi la ng'ombe. Shamba lake likitazamwa peke yake, sheria hizi huonekana kama mzaha. Likitazamwa pamoja na mashamba 40 yanayopakana na kijito kimoja, hesabu inabadilika. Mstari wa miti ya kiasili wenye upana wa mita sita kila upande wa kijito, ukipita katika mashamba hayo 40 bila kukatika, ni msitu. Unashika udongo, unahifadhi maji, unawapa nyuki maua na ndege mahali pa kutua. Hakuna hata mmoja wa wenye mashamba hayo anayeweza kuujenga peke yake, na mmoja anaweza kuukata.

Ndiyo sababu neno Twahamwe lingeeleweka bila mkalimani katika vilima vya Manga na Kiabonyoru. Abagusii wana risaga na egesangio, desturi za majirani kukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Wana pia emuma, kiapo ambacho mtu mzima hakichezei. Vifaa alivyovitumia Baker Muguga, yaani wazee, sherehe, kiapo na kazi ya pamoja, havikuwa vyake. Alivikuta kwa wenyeji na kuviheshimu. Vipo Gusii vile vile.

Kinachohitajika kuongezwa ni yale aliyoyasahau. Wanawake wawe wenye kitalu na wenye sauti kuhusu mti gani upandwe na lini ukatwe, hata kama hati miliki ina jina la mume. Mikaratusi ibaki mlimani na mipakani, mahali inapoingiza fedha bila kuua chemchemi, na bondeni irudi miti ya kiasili pamoja na mianzi, ambayo nayo ina soko. Malipo yafuate mche ulioishi mwaka wa tatu, si picha ya kiongozi akishika jembe. Na bwana misitu wa kaunti afike shambani kama mshauri, si kama askari.

Baker alikuwa mtumishi wa utawala uliopora ardhi, na hakuupindua utawala huo. Lakini katikati ya mfumo wa amri aliona kwamba mti hauamrishwi. Vijana 50 walioapa naye Julai 1922 hawakulipwa mshahara, hawakutishwa kwa jela, na hawakuwa na uhakika kwamba wangekata miti waliyoipanda. Walipanda miti 10 kila mmoja kwa sababu walikuwa wameahidi mbele ya wazee wao na mbele ya wenzao.

Mwenye shamba wa Nyamira au Kisii leo ana zaidi ya walichokuwa nacho vijana hao. Ana hati, ana mvua, ana sheria inayomtambua, na ana soko. Mvua za masika zitakapoanza, miche itauzwa kando ya barabara kama ilivyo desturi. Atakayenunua kumi, akaipanda kijitoni na kumshawishi jirani yake wa ng'ambo afanye vivyo hivyo, atakuwa ameingia katika orodha ya Watu wa Miti bila kuhitaji ngoma wala ng'ombe wa zawadi.